Nyumba Iko Jirani na Mwembe

Mwezi uliopita, usiku wa saa mbili, simu yangu ililia mara tatu mfululizo. Zilikuwa picha. Aliyezituma ni kijana niliyemfundisha kushika pipeti alipokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Leo yeye ndiye anayeisimamia maabara ile, nami nimestaafu, nalima bamia na kuamua kesi za wajukuu. Picha zilionyesha friza ya zamani ikiwa wazi, barafu imeng'ang'ania kuta, na visanduku vya vichupa vidogo vilivyoandikwa kwa kalamu isiyofutika. Mwandiko niliutambua mara moja, maana ni wangu. SSRY28. NS158. RME1.

"Shikamoo mama. Jumatatu tunaletewa friza mpya. Hizi praima za zamani tuzitupe? Siku hizi jeni yenyewe imeshajulikana."

Praima ni vipande vifupi vya vinasaba vya kunasia alama ya jeni. Na jeni yenyewe kweli imeshajulikana. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kuwa ule ukinzani wa muhogo dhidi ya ugonjwa wa batobato, tuliokuwa tukiuita CMD2, unaambatana na mabadiliko ya herufi moja moja katika jeni inayohusika na kimeng'enya cha kunakili vinasaba. Alama za kwanza za kuufuatilia ukinzani huo zilitangazwa mwaka 2002. Miaka 20 tulikuwa tukipita uani kwa mtu, tukijua yumo, tukimsikia akikohoa, bila kumtia machoni.

Nilimwandikia marahaba mwanangu, nitakupigia asubuhi. Kisha nikatoka barazani, kwa sababu majina yale matatu yalikuwa yamekwisha kuniondolea usingizi.

Muhogo uliniingia kichwani kabla sijasikia neno virusi. Mama yangu alilima Mkuranga, kwenye mchanga ule mweupe unaounguza nyayo saa saba za mchana. Kuna msimu shamba lilinawiri mpaka wapita njia wakasimama kulisifu. Siku ya kuchimba tukakuta mihogo minene, ganda safi, lakini ukiikata kwa panga ndani ina madoa makavu ya rangi ya ugoro, magumu kama kizibo cha chupa. Haichemshiki, na hata makopa haifai. Leo najua ule ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mama hakuupa jina. Alisema tu kwamba shamba limeingiliwa.

Alichokifanya misimu iliyofuata ndicho ninachokikumbuka zaidi. Alianza kukagua majani ya chini, yale makuukuu ambayo kila mtu huyapuuza. Akiona umanjano unaoandama mishipa ya jani, mti ule huchimbwa mapema, miezi minane au tisa, kabla uozo haujatambaa. Uozo wenyewe hakuuona, nani auone chini ya mchanga? Alisoma jani ili apate habari za mzizi. Mara nyingi alipatia. Mara nyingine alichimba mti wenye majani ya hovyo akakuta muhogo mweupe pe, tena bado mwembamba kama kidole gumba, akacheka kicheko cha mtu aliyepunjwa na mikono yake mwenyewe. Nilipokuja kufundishwa kwamba alama na kitu chenyewe huandamana lakini havikufungwa pingu, sikuhitaji kuelezwa mara ya pili.

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo haikuwa ya maabara. Nilipangwa kituo cha utafiti ukanda wa Pwani, nikapewa kofia ya ukindu, mifuko midogo ya kitambaa na bando la vibandiko. Kazi ilikuwa kuozesha mihogo, ndivyo tulivyosema, na neno hilo lina maana mbili ambazo kwa muhogo zote zilitufika. Ua la kike hukaa chini ya kishada na kufunguka kwanza, na ya kiume yaliyo juu yake hufunguka wiki moja au mbili baadaye. Kwa hiyo bwana na bibi harusi hutafutwa kwenye miti tofauti. Asubuhi unalivika ua la kike mfuko kabla nyuki hawajafika, mchana unaleta chavua, unagusisha, unafunga, unaandika. Tunda likishika linakupa mbegu tatu, hazizidi. Nalo likikauka hupasuka kwa kishindo kidogo na kuzirusha mbegu zake majanini, ndiyo maana lilibaki mfukoni hadi mwisho.

Na kila mbegu ni mtu wake. Mkulima hupanda pingili, na pingili ni mama yuleyule aliyekatwa vipande. Mbegu ya ua huchanganya damu za pande mbili, na watoto wa tunda moja hawafanani hata kidogo. Ukitaka mmoja mwenye ukinzani, mavuno na ladha kwa pamoja, unaanza na maelfu. Kila mmoja unamngoja mwaka mzima achimbwe, kisha unamzidisha, unampeleka mashamba mengine, unangoja tena. Miaka minane inapita, hata kumi. Mgunduzi wa mbegu niliyefanya kazi chini yake alikuwa na mzaha wake: kwamba aliingia kazini bila mvi, na aina yake ya kwanza ilipopitishwa hakuwa na nywele kabisa.

Basi mwaka 2003 tulipopelekwa Nairobi kujifunza alama za vinasaba, nilikwenda na uchu wa njia ya mkato. Mwalimu alichora kromosomu moja ubaoni, kati ya jozi 18 za muhogo, akaweka nukta. Jeni iko hapa karibu, akasema, lakini hatuijui. Tunachokijua ni kipande hiki kilicho jirani nayo, ambacho kwa mzazi mkinzani kina urefu huu na kwa mzazi dhaifu kina urefu ule. Wenzangu waliandika. Mimi akili ilikuwa Dar es Salaam, ndani ya daladala.

Maana kwetu mtu hakuelekezi nyumba kwa namba. Anakwambia: shuka Kwa Remmy, vuka barabara, fuata ukuta, ukiona mwembe mkubwa, nyumba iko jirani na mwembe. Mwanamuziki Remmy Ongala alifariki mwaka 2010, na hadi leo konda wa Sinza anaita Kwa Remmy na abiria wanashuka. Tabata kuna kituo cha Dampo, na dampo lenyewe liliondoka zamani. Alama si kitu chenyewe. Ni kitu kinachoonekana kilicho karibu na kisichoonekana, na inafaa kadiri jirani asivyohama.

Kwenye kromosomu majirani huhama. Kabla chavua na mayai hayajaumbwa, kromosomu iliyotoka kwa baba na ile ya mama hulala ubavu kwa ubavu na kubadilishana vipande. Alama na jeni zikiwa karibu sana, huondoka pamoja karibu kila mara. Zikiwa mbali, watazaliwa watoto waliorithi mwembe bila nyumba, na wengine nyumba bila mwembe. Kipimo cha umbali huo ni sentimogani. SSRY28 ilikadiriwa kuwa sentimogani 9 kutoka CMD2, yaani katika watoto 100, kama 9 hivi wangekudanganya. Ndiyo sababu tulitafuta alama ya pili upande wa pili, ili tuseme nyumba iko kati ya mwembe na kisima.

Niliporudi nilihamishiwa maabara. Jani changa la kileleni, lile ambalo mama angelichuma kwa kisamvu, unalisaga kwenye kinu kidogo pamoja na dawa, unalitia kwenye maji ya nyuzi 65, unatenga makapi kwa mashine ya kuzungusha, unamimina spiriti iliyopoa. Jani la muhogo lina ute, na ukizubaa unapata mlenda badala ya vinasaba. Mkono ukizoea, zinajitokeza nyuzi nyeupe, nyembamba kama utando wa buibui uliolowa umande, zikielea. Siku ya kwanza nilipozipata nilimwita mlinzi wa getini aje ashuhudie. Akainama, akazitazama kwa muda.

"Hiyo ndiyo wanayopimia baba wa mtoto?"

Ndiyo, hiyo hiyo.

"Basi na mihogo ina kesi," akasema, akarudi getini.

Mwaka 2006 maji yalipungua mabwawani na nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme. Mashine ya PCR, ile ya kurudufu vinasaba, hupandisha joto hadi nyuzi 94, hushusha hadi 55 hivi, hupandisha tena hadi 72, mizunguko 35. Umeme ukikatika kwenye mzunguko wa 28, siku imekufa na dawa iliyoagizwa ng'ambo imekwenda na maji. Tulihamia zamu ya usiku wa manane. Vimeng'enya tulivinusuru kwa barafu ya Feri, ile ya wauza samaki, na kwa miezi kadhaa maabara yetu ya kisasa ilinuka vibua. Ripoti ya mwaka haikutaja vibua.

Lakini kosa linalonitia aibu hadi leo halikuhusu umeme. Nililifanya mwenyewe, mchana kweupe, taa zikiwaka.

Tulikuwa na miche ya familia moja, mzazi mmoja akiwa na nakala moja ya CMD2, mwenzake hana. Hapo hesabu ni nyepesi, nusu ya watoto watarithi, nusu hawatarithi. Miche ilikuwa kwenye vifuko vya plastiki chini ya kivuli, mirefu kama kiganja, na kazi yangu ilikuwa kuipima kabla ya kupelekwa shambani ili tusipoteze ardhi kwa miche dhaifu. Sampuli zinakaa kwenye sahani ya visima 96, safu nane kwa kumi na mbili, kila kisima na mche wake, na kimoja cha mwisho hakitiwi jani, ni maji matupu ya kuhakiki. Sahani haina kichwa wala miguu. Nilipoitoa kwenye mashine niliigeuza, kisima cha kwanza kikawa cha mwisho, nikapakia hivyo hivyo kwenye jeli inayotenganisha vipande kwa urefu.

Bendi zilitoka safi. Nilizihesabu chini ya mwanga wa zambarau, na karibu nusu walikuwa na bendi ya mzazi mkinzani, nusu hawana, kama kitabu kinavyotaka. Usafi ule ndio ulionilaza usingizi, kwa sababu nusu ya sahani iliyogeuzwa bado ni nusu. Kitu kimoja tu kilinishtua kidogo. Njia ya kwanza kabisa ya jeli ilikuwa tupu, na nilidhani mkono wangu umeruka. Nikaweka tiki mbele ya namba za waliofaulu. Waliofeli waling'olewa mchana ule ule, vifuko vikajazwa udongo mwingine.

Miche iliyofaulu ilikwenda shambani kwenye eneo lenye nzi weupe wa kutosha kueneza ugonjwa. Baada ya mwezi na nusu, kibarua mzee aliyekuwa akipalilia alinifuata ofisini, jembe begani.

"Mwanangu, ile miche si ndiyo mliyoipima?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi kipimo chenu kimepima mingine."

Nilikwenda naye. Karibu nusu ya mistari ilikuwa na majani yaliyojikunja, yenye mabaka ya kijani na manjano, batobato isiyohitaji mtaalamu. Nusu nyingine ilikuwa safi. Nilikaa chini pale pale na daftari, nikatazama picha ya jeli, nikaona ile njia tupu ya kwanza. Hayakuwa makosa ya mkono. Ilikuwa kisima cha maji, ambacho kilipaswa kuwa cha mwisho. Mzee alikuwa amesema sawasawa, neno kwa neno. Kipimo kilikuwa kimepima mingine, na wengi wa wakinzani wenyewe walikuwa wameshatupwa kwenye shimo la mboji nyuma ya jiko.

Tangu siku ile sahani zetu zote zilikatwa pembe moja kwa mkasi. Ni dawa ya bei nafuu kuliko zote nilizowahi kununua. Lakini jambo lililokaa nami ni jingine. Shamba lina ukatili wake, ila linakosea hadharani. Mti mgonjwa utauona hata kama umeuandika mzima. Alama inakuruhusu kutupa mapema, na hiyo ndiyo faida yake yote, kutupa mapema bila kungoja mwaka. Sasa kile ulichokitupa hakirudi kutoa ushahidi. Kama ningeigeuza sahani na bado tukapanda wote, tungeligundua kosa kwa hasara ya jembe tu.

Nisieleweke vibaya. Mahali alama zilipofaa, zilifaa kuliko jicho la mtu yeyote. Batobato ya mihogo haipo Amerika ya Kusini, ambako muhogo ulitokea. Watafiti wa CIAT, kituo cha utafiti wa kilimo karibu na Cali, Kolombia, walitaka kuipandikizia mihogo ya kwao ukinzani wa TME3, aina iliyotoka kwa wakulima wa Nigeria, ili wazao waje kutumika Afrika. Watachagua vipi? Kwenye mashamba yao mche mkinzani na mche dhaifu wote wananawiri, hakuna wa kuwatofautisha. Huwezi kumjua askari hodari katika nchi isiyo na vita. Kwa alama za vinasaba walichagua vizazi mfululizo bila kuona jani moja lenye batobato, na miche ikasafirishwa kwenye chupa za tishu hadi huku. Mimi nilikuwa mmoja wa walioitoa kwenye chupa na kuosha mizizi yake kwa maji ya vuguvugu. Shambani majani yalisimama. Nilijivuna kana kwamba nimewazaa.

Siku ya kuchimba tulialika wakulima. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye kanga kiunoni, hakungoja hotuba. Aling'oa shina, akachukua panga, akakata muhogo katikati na kutunyooshea. Rangi ya ugoro. Akakata wa pili. Rangi ya ugoro. Nilisimama pembeni ya shimo nikiwa nimevaa koti jeupe la maabara, na mchanga ule ulikuwa mchanga wa mama yangu.

Hatukuwa peke yetu. Uganda walikuwa wameokolewa na aina zinazostahimili batobato kali iliyowamalizia mashamba miaka ya 1990, zikiwemo TME 204. Kuanzia mwaka 2004 michirizi ya kahawia ikajitokeza upya kwao, na aina ile ile iliyowaokoa ikaoza ardhini. CMD2 ilikuwa imetimiza kazi yake bila dosari. Tuliiuliza habari za batobato ikajibu habari za batobato. Sisi ndio tuliosikia jibu la maswali mawili.

Mwaka 2009 nilitumwa kukusanya majani vijijini, tujue wakulima wa Pwani wana aina ngapi hasa. Majina yalikuwa mengi kuliko mihogo. Jina moja lilishika mihogo mitatu tofauti, na muhogo mmoja ulibadili jina kila ulipovuka mto. Katika kijiji kimoja cha Bagamoyo bibi mmoja alinionyesha miti miwili iliyosimama kama pacha. Huu ni Cheupe, akasema, na huu ni Cheupe wa Shemeji, ulikuja na shemeji yangu alipoleta posa ya binti wa kaka. Nilitazama vikonyo, rangi ya shina, umbo la jani. Sikuona tofauti. Nilichuma majani, nikayatia kwenye vifuko vyenye chembe za kukausha unyevu, nikaandika BG-46 na BG-47.

Maabara tulitumia alama 6 na jeli ya agarosi, kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho. Bendi za miti ile miwili zilikaa mstari mmoja kwa zote sita. Nikaandika kwenye faili: aina moja. Mwaka uliofuata nilirudi kijijini kuwapa wakulima majibu, jambo ambalo watafiti wengi hatulifanyi, na nikamwambia bibi kwa heshima zote kwamba Cheupe zake ni moja. Hakukasirika. Aliendelea kupepeta mchele wake, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, hicho kipimo chenu kimewahi kuchemsha?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba Cheupe huiva kwa moto mmoja, kiangazi na masika. Wa Shemeji ukichimbwa masika, utachochea kuni mpaka jua lizame na muhogo utabaki mgumu katikati, maji maji pembeni. Kiangazi ni watamu wote wawili, ndiyo maana hakuutupa. Niliandika maneno yake kwenye daftari langu, si kwenye faili, kwa kuwa faili halikuwa na safu ya kuchemsha.

Miaka kadhaa baadaye, vinasaba vya sampuli zile vilipopitishwa kwenye mashine inayosoma maelfu ya alama, herufi kwa herufi, BG-46 na BG-47 walitoka ndugu wa karibu, wala si mtu mmoja. Agarosi haikuwa imedanganya. Ni macho yake mazito tu. Vipande viwili vinavyopishana kwa herufi mbili vinakaa pamoja kwenye jeli ile kama abiria wa daladala ya jioni. Bibi alikuwa na kipimo chepesi zaidi, sufuria na subira.

Namna hiyo hiyo vinasaba vimewapa wakulima haki mahali pengine kwa njia ya kinyume. Namikonga wa kusini mwa Tanzania na Kaleso wa pwani ya Kenya, majina mawili, nchi mbili, vimeonekana kuwa muhogo mmoja, nao ni miongoni mwa wachache wanaohimili michirizi ya kahawia. Na asili yake inaelekeza Amani, milima ya Usambara. Kule, kuanzia miaka ya 1930, watafiti Storey na Nichols waliozesha muhogo na mpira, ule mti wa utomvu ambao Wajerumani waliupanda nchini kwa ajili ya biashara, halafu wakawarudisha wazao kwa muhogo kizazi baada ya kizazi hadi wakapata mti unaotoa chakula na bado una ukaidi wa mpira. Hawakuwa na alama hata moja. Walikuwa na macho, madaftari na miaka.

Mwaka 2016 ulipochapishwa ulinganisho mkubwa wa vinasaba vya mihogo, kijana wangu wa pipeti, wakati huo akiwa masomoni, alinifungulia mchoro kwenye kompyuta. Kromosomu zililala kama fito, na kwenye ya 1 na ya 4, katika mihogo mingi ya Afrika, kulikuwa na vipande virefu vya rangi nyingine. "Huo ni mpira, mama," akasema. Mpira wa Amani, bado umo ndani, baada ya safari za pingili begani na kwenye carrier za baiskeli kutoka kijiji hadi kijiji. Nilimwomba akuze picha. Nilitaka kuona mahali mpira unapoishia na muhogo unapoanza, nikakuta mpaka ni mkali, kama ukingo wa kiraka cha suruali.

Ukinzani wa Namikonga wenyewe haukukubali kuelekezwa kwa mwembe mmoja. Watafiti walimwoza na Albert, aina dhaifu ya wakulima wa huku huku, wakasoma watoto, na mwaka 2017 wakatangaza maeneo kadhaa kwenye kromosomu tofauti, kila moja likichangia kidogo. Si nyumba, ni mtaa mzima. Ndiyo maana vijana wa leo hawahangaiki sana na alama moja moja. Wanazisoma maelfu kwa mkupuo na kuiachia kompyuta ikadirie mche utakuwaje. Nawaonea wivu kwa kasi yao. Nawauliza pia, kila wakinitembelea, kama bado wana kibarua mzee wa kupita kwenye mistari na jembe begani.

Asubuhi nilimpigia. Nikamwambia praima azitupe bila huruma. Herufi zake ziko kwenye machapisho, na akizihitaji ataagiza zije mpya.

"Na visanduku vya nyuma, mama? Vina namba tu. BG-01 mpaka BG-112."

Nilikuwa nimevisahau kabisa. Si praima hivyo. Ni vinasaba vyenyewe, vya mashamba ya mwaka 2009. Yule bibi ametangulia mbele ya haki, na nilipopita kijijini kwake mwaka juzi shamba lilikuwa limepimwa viwanja, pale zilipokuwa Cheupe pana msingi wa matofali na tangi jeusi la maji.

"Usiguse," nikamwambia. "Subiri."

Daftari lilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na vyeti vya chanjo vya wanangu. Nikavaa miwani, nikakaa sakafuni, simu nikaiweka sauti ya wazi. Nikaanza kusoma, naye akaandika. Tulikwenda vizuri hadi katikati.

"BG-46?"

"Cheupe."

"BG-47?"

"Cheupe wa Shemeji."

"Mama, kwenye faili hizo zimeandikwa aina moja."

"Andika mbili. Na huo wa pili, pembeni, andika hauivi masika."

Kukawa kimya, kisha nikasikia vitufe vikibonyezwa.

"BG-48?"